Dobi Asiyeuliza

Mtaani wanamwita Mama Pasi, na ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake huenda asigeuke. Ni dobi, tena si dobi wa kuzunguka nyumba hadi nyumba na ndoo mkononi. Yeye ana kibanda chake, chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na baba yake, mlango unatazama barabara. Ndani kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kuna pasi ya umeme, na kuna pasi ya mkaa kwa zile siku ambazo umeme umeamua kujipumzikia. Uani kuna mabeseni, mapipa ya maji na kamba zilizofungwa ukuta kwa ukuta. Mumewe ni fundi saa, amejibanza pembeni mwa kibanda hicho hicho na kimeza chake na kioo cha jichoni, na huwaambia wateja kwamba yeye hakuoa mke, alioa harufu ya sabuni. Mama Pasi husonya na kuendelea na kola yake.

Ana fahari yake huyu mama, na msimcheke. Fahari yake ni kwamba haulizi. Alifundishwa na mama yake, ambaye naye alikuwa dobi, kwamba furushi likitua mezani unalifungua, unatazama doa, unajua dawa yake, basi. Damu ni maji baridi na chumvi. Grisi ni mafuta ya taa kidogo kabla ya sabuni. Limetoka wapi, hiyo si kazi yako. Miaka yote hiyo amefua shati la mume wa mtu lenye rangi ya mdomo isiyo ya mkewe, amefua shuka za kijana mkubwa mwenye ndevu anayekojoa kitandani, amefua leso za mtu aliyekuwa akikohoa damu na kuwaambia wenzake ni mafua. Wote hao akikutana nao barabarani anawasalimia vizuri, habari za asubuhi, habari za nyumbani, macho makavu. "Ningekuwa na mdomo mimi," huwa anasema, "mtaa huu ungehama wote." Na watu wanampenda kwa hilo. Nguo ya siri hupelekwa kwa Mama Pasi hata kama kuna dobi mwingine wa karibu.

Sasa, ana mdogo wake wa kike, tumbo moja, ambaye ni mpishi katika shule ya bweni. Mdogo mtu ana binti mmoja tu. Binti huyo alikuwa amemaliza mafunzo yake ya kutunza hesabu, akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, lile la saruji na misumari na rangi lililo karibu na stendi. Mwenye duka watu wanamwita Bwana Saruji. Mtu wa heshima zake, anachangia kila msiba, na mashati yake meupe hufuliwa na nani kama si Mama Pasi.

Asubuhi moja yule binti alifika kibandani na furushi dogo. Alisimama mlangoni, hakuingia, hakuondoka. Mama Pasi alikuwa ameshika pasi ya moto, akamwambia weka hapo mwanangu. Akaliweka. Mama Pasi akaiegesha ile pasi pembeni, akafungua fundo. Lilikuwa gauni la samawati, gauni alilomnunulia yeye mwenyewe siku ya kumaliza mafunzo. Bega moja limeachia mshono, na chini lina doa. Alilitazama, akajua dawa yake ni maji baridi. Akamwangalia mtoto, mtoto naye anamwangalia. Kuna kitu kilimpitia Mama Pasi kifuani, kitu kama unapokumbuka kwamba umeacha mlango wazi nyumbani. Lakini mazoea ni mazoea. Akafunga fundo na kusema, "Litakuwa tayari kesho kutwa."

Binti alibaki pale kidogo. Alitazama ile pasi, akatazama mashati meupe yaliyoning'inia nyuma ya mama yake mkubwa, kisha akasema, "Haya, mama mkubwa," na akaenda zake.

Gauni lile Mama Pasi alilifua kama hajawahi kufua. Alilitia chumvi, akalisugua taratibu kwa ncha za vidole, akalianika mahali ambapo jua halitachuja rangi. Akashona bega kwa mkono, uzi wa samawati, mshono ambao hata fundi cherehani angeuliza uko wapi. Akalipiga pasi mikunjo yote. Akalitundika, akarudi nyuma akalitazama, na akaridhika kabisa na kazi yake. Kama kuna kitu kinamuuma mpaka leo ni huko kuridhika.

Siku chache baadaye mdogo wake alifika kibandani mchana kweupe, amevaa aproni ya jikoni ya shule. Alikuwa na gauni mkononi, likiwa limekunjwa vilevile Mama Pasi alivyolikunja.

"Dada, umelifua?"

"Nimelifua."

"Umelifua lote?"

Kwa kawaida swali hilo hujibiwa kwa majivuno. Mama Pasi alifungua mdomo ajibu, akaona uso wa mdogo wake, akaufunga. Mdogo mtu akaketi juu ya beseni lililopinduliwa na kuanza kueleza, na maneno yalikuwa yanatoka vipande vipande, la mwisho likitangulia la kwanza. Kwamba mtoto alikuwa hali chakula. Kwamba alikuwa haendi kazini akisema tumbo. Kwamba jana usiku alimkalisha mpaka akasema. Kwamba ni Bwana Saruji, stoo, siku waliyobaki kuhesabu mifuko. Kwamba leo asubuhi wamekwenda kituo cha polisi, na askari wa kaunta, kabla hata hajawaambia waketi, aliuliza nguo alizovaa siku hiyo ziko wapi.

"Nikamwambia zimefuliwa. Mimi nilijua kitu gani, dada? Nikamwambia zimefuliwa na kupigwa pasi. Akacheka. Akasema, basi mama, mmefua na kesi. Hakuandika chochote. Akamwita mtu mwingine wa nyuma yetu aliyepoteza kitambulisho."

Fundi saa kule pembeni alikuwa ametoa kioo jichoni. Mama Pasi alibaki ameshikilia ukingo wa meza. Alitaka kusema pole, akaona pole haitoshi. Alitaka kusema mimi sikujua, lakini je, hakujua? Alitaka kuuliza kwa nini askari anauliza nguo kabla ya kumuuliza mtu. Mdogo wake akasimama, akaliweka gauni juu ya meza, polepole, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani.

"Ulikuwa na mikono," akasema. "Ungekuwa na mdomo pia." Akaondoka.

Kuanzia siku hiyo Mama Pasi hakuwa anajua mbele wala nyuma. Alitia bluu ya nguo nyeupe kwenye nguo za rangi. Alimrudishia mwalimu wa hesabu suruali ya kinyozi. Usiku alijiuliza kosa ni lipi hasa. Kama kosa ni kufua, basi dobi afanye nini akiletewa nguo chafu, azitazame? Kama kosa ni kutouliza, basi ni kosa analolifanya kila siku na watu wanamsifia. Na kama kosa ni la Bwana Saruji peke yake, kama mumewe anavyosema, mbona askari hakumcheka Bwana Saruji, alimcheka mdogo wake? Alikuwa akipata jibu moja saa ya kulala na asubuhi anakuta limegeuka.

Habari zilifika kikundini. Hapa mtaani kuna kikundi cha akina mama, na kazi yao ni viti. Walichanga wakanunua viti vya plastiki, vyeupe, wanavikodisha kwa harusi na misiba na mikutano. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha mstari unyooke, na wote wanamwita Mwalimu tu. Si mara ya kwanza kwao kusikia kisa kama hiki. Kulikuwa na mke wa mwashi aliyeambiwa na kituo arudi na shahidi. Kulikuwa na msichana wa saluni aliyefika hospitali akaambiwa aanze polisi, alipofika polisi akaambiwa aanze hospitali, akatembea katikati ya hizo mbili mpaka akachoka akaenda kulala. Hiki cha kufua kesi ndicho kilichowajaza hasira.

Wakakutana uani kwa Mwalimu, katikati ya milundo ya viti. Mama Pasi alikwenda kwa sababu ni mwanachama, na kwa sababu asipokwenda wataona amekimbia. Alikaa karibu na mlango.

"Tunakwenda kwa mkuu wa wilaya," Mwalimu alisema. "Kituo kiandike maelezo ya mwanamke kwanza, hayo mengine yafuate. Kiwe na chumba chake na askari wa kike. Hospitali ipokee mtu bila kumzungusha. Hatuombi, tunadai, ni haki yetu na ni kazi yao."

"Na wakitwambia hayupo?" aliuliza mshonaji, mmoja wa wanachama.

"Tutamsubiri."

"Tutamsubiri tumekaa wapi? Pale hawana hata benchi."

Kisha mmoja akageuza kichwa kutazama mlundo wa viti, wa pili akageuza, na kicheko kikaanza chini chini mpaka kikawashika wote. Mama Pasi naye alicheka, halafu akakumbuka kwamba hana haki ya kucheka, akaacha katikati.

Ndipo wakaanza kumjadili yeye, akiwa pale pale. Mshonaji alisema kwa maoni yake Mama Pasi kosa analo, lakini dogo. Mke wa mwashi alisema hana kosa hata chembe, angejuaje. Mwingine akasema hiyo nguo angalau angeihifadhi. Mwingine akauliza, ahifadhi nguo za watu wote kwa kuwa zina madoa, atazifungulia ghala? Mwalimu akapiga meza na kusema kosa ni la aliyechafua, si la aliyesafisha.

"Hayo ni ya kusema redioni, Mwalimu," mshonaji alijibu. "Mama yake mtoto yuko nyumbani hataki hata kumwona dada yake."

Wote wakageuka kumtazama Mama Pasi, wakitaka atoe kauli. Akasema kitambaa cha bango akiletewa atakipiga pasi. Ndicho pekee alichokuwa na hakika nacho.

Mumewe usiku huo alimwambia asiende, watamgeuza mfano. Asubuhi akamwambia aende, asipokwenda ndiyo mbaya zaidi. Mchana, akiwa na saa ya mtu imefunguliwa mbele yake, akasema, "Nenda, lakini kaa nyuma." Mama Pasi alimuuliza kama anajua anachosema. Fundi saa akakiri kwamba hajui, akarudisha kioo jichoni.

Jioni hiyo, siku moja kabla ya safari ya viti, Bwana Saruji aliingia kibandani. Mwenyewe, kwa miguu yake. Siku zote humtuma mtu.

"Mama Pasi, salama? Nimefuata mashati yangu."

Yalikuwa pale kambani, manne au matano, yameshapigwa pasi kabla dunia haijapinduka. Alikuwa ameyapita kila siku bila kujua ayafanye nini. Mara alitaka kuyachoma, mara kuyatupa mtaroni, mara aliyaonea huruma, maana shati limekosa nini. Alikuwa amepanga maneno ya kumwambia huyu bwana siku akimwona, maneno mazito ambayo mengine hata yasingeandikika hapa. Na bwana ndiye huyu, anatabasamu, ananukia manukato.

Na mikono yake ikainuka. Ikayashusha mashati, ikayakunja kola juu, ikayafunga kwenye gazeti, ikayatoa. Na mdomo wake, huo huo ulioshindwa kuuliza, ukasema, "Karibu tena."

"Asante. Msalimie na mtoto," akasema Bwana Saruji, akatoka.

Mama Pasi aliketi sakafuni palepale. Alijichukia kwa namna ambayo hakujua mtu anaweza kujichukia. Alitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku. Fundi saa alikuja akaketi kando yake na hakusema neno, na kwa mara moja hiyo alikuwa amefanya la maana.

Asubuhi wanawake wakatoka, kila mmoja na kiti kichwani. Mngewaona. Viti vyeupe vinapanda barabara vimepinduliwa miguu juu, bango limetangulia, na watu madukani wanauliza harusi ya nani. "Harusi ya serikali," mshonaji aliwajibu, "mpaka sasa bwana harusi hajafika." Wengine walicheka, wengine walisoma bango, lililosema TUANDIKENI KWANZA, wakaacha kucheka. Walinzi wa lango la wilaya waliona viti wakadhani kuna sherehe ambayo wao hawakuambiwa, na hawakutaka kuonekana hawana habari, kwa hiyo wakafungua. Wanawake wakapanga viti uani, mbele ya ngazi, safu kwa safu. Mwalimu alipita akinyoosha mistari. Wakaketi.

Waliambiwa mkuu hayupo. Wakasema sawa. Wakaambiwa yupo ila ana mkutano. Wakasema sawa. Mama Pasi alikaa safu ya nyuma kabisa, kama mumewe alivyosema, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu.

Jua lilipopanda, alimwona mdogo wake anaingia langoni. Alikuwa na binti. Binti alivaa sweta kubwa la mama yake, amejikunyata ndani yake. Wanawake waligeuka, kisha kwa adabu wakageukia mbele tena. Mama mtu alipata nafasi safu ya kati. Binti yeye alipita safu zote, akaja mpaka nyuma, akaketi kwenye kile kiti kitupu.

Mama Pasi hakujua aangalie wapi. Akaangalia viatu vya mtoto. Vilikuwa safi.

"Mama mkubwa."

"Ee, mama."

"Lile doa uliliona?"

Hapa angeweza kusema uongo, na hakuna ambaye angejua. "Nililiona," akasema.

"Nyumbani beseni lipo, sabuni ipo. Ningeweza kufua mwenyewe." Binti alikuwa akivuta uzi wa mkono wa sweta. "Nikasema nikikuletea wewe utaniuliza. Mtu mwingine ningeshindwa kumwambia, lakini wewe ukiniuliza nitasema. Nikasimama pale. Mbona hukuniuliza?"

Mama Pasi alitaka kumshika mkono mtoto, akaogopa mikono yake. Siku zote hizo alikuwa amejiuliza kama kosa ni kufua, akabishana na mto wake, na kumbe mtoto hakujali kufua hata kidogo. Machozi yakaanza kumtiririka bila sauti na hakuyafuta.

Mkuu wa wilaya akatoka hatimaye, akasimama kwenye ngazi, mkuu wa kituo cha polisi pembeni yake. Alikuwa mtu mstaarabu wa kuzungumza. Alisema serikali inalichukulia suala hili kwa uzito. Alisema hatua zinachukuliwa. Alisema pia, na hapa aliinamia upande wa mkuu wa kituo aliyekuwa akimnong'oneza, kwamba jamii nayo ijitazame, kwa sababu kuna kesi ambazo jamii yenyewe inaharibu ushahidi. "Tumeambiwa hapa kuna gauni lilifuliwa," akasema. "Sasa mnataka polisi wafanye nini? Ushahidi mmeusafisha wenyewe."

Safu ya nyuma kikasikika kiti kinasukumwa.

"Mimi ndiye niliyefua," alisema Mama Pasi.

Vichwa vyote viligeuka. Mkuu wa wilaya alisema, "Mama, kaa tu, hatumlaumu mtu."

"Siketi, nimekaa tangu asubuhi." Hakuwa amepanga chochote, na ilisikika. "Mimi nimefua gauni la mtoto. Halafu nimefua na mashati ya huyo bwana, nikayapiga pasi, jana nikampa, nikamwambia karibu tena. Sasa mimi sielewi. Gauni la mtoto mmelikataa kwa kuwa ni safi. Yeye mashati yake ni safi na anatembea nayo. Kama kufua ni kosa mimi nina makosa mengi, mnanisomea moja tu. Nishikeni. Nimechoka kufikiri. Nishikeni, mniandike, mniulize, mimi nitajibu kila kitu." Akanyoosha mikono mbele, viganja vimekunjamana kwa maji, kama vile mtu amekuja na pingu tayari.

Mkuu wa kituo alitabasamu, tabasamu la mtu anayemhurumia mwehu. "Hatuwezi kumshika mtu kwa kufua nguo, mama."

Mwalimu hakumwacha amalize. Alisimama, na sauti ile ya darasani ikasikika mpaka langoni. "Mkuu, amekiri mbele yako kwamba ameharibu ushahidi. Mfungulieni jalada. Mkimwuliza gauni ni la nani, atataja. Mkimwuliza lilichafukaje, itabidi mumwite mwenyewe aeleze. Au tuseme hakukuwa na ushahidi wowote ulioharibiwa? Chagueni moja, sisi tunasubiri. Viti ni vyetu."

Mkuu wa wilaya alimgeukia mkuu wa kituo. "Maelezo ya binti mlichukua?"

"Mheshimiwa, nguo zilikuwa..."

"Nimeuliza maelezo."

Mkuu wa kituo alitazama viatu vyake. Mkuu wa wilaya alitazama safu zile za viti, wanawake wametulia, hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeonyesha dalili ya kuinuka. Akasema maelezo yachukuliwe sasa hivi. Juu ya suala la chumba na hospitali akasema watalifanyia kazi. Mwalimu akamjibu kwamba ni sawa, wao watabaki hapo wakati analifanyia kazi. Na kweli walibaki, kwa zamu, hata harusi za wiki hiyo zikakosa viti na wageni wakala wamesimama.

Kituo kiko nyuma ya ofisi za wilaya. Askari wa kike alipatikana, alikuwa kwenye chumba cha vifaa akipanga makoti ya mvua, maana ndiyo kazi aliyopewa. Aliwapeleka kwenye kichumba chenye meza na kabati lisilofunga. Alimwambia binti anaweza kuwa na mtu mmoja wa kukaa naye. Mama mtu alishaanza kuingia. Binti alimshika mama yake begani, akamwambia kitu sikioni, kisha akamnyooshea kidole Mama Pasi.

Mdogo mtu alimtazama dada yake. Hakutabasamu wala hakumkunjia uso. Akampisha mlangoni.

Wakaketi watatu. Askari alifungua karatasi, akashika kalamu, akasema, "Haya binti, nieleze, ilikuwaje."

Binti alitazama meza. Askari akarudia, kwa upole zaidi. Binti akatikisa kichwa.

"Afande, wewe sikujui," akasema. "Nitamwambia mama mkubwa. Wewe andika tu."

Askari aliweka kalamu chini, akafikiri, akaishika tena. "Sawa," akasema. "Mama, muulize wewe."

Mama Pasi alijikaza kisabuni. Mama yake mzazi, marehemu, alikuwa amesimama kichwani mwake na furushi mkononi akimkataza. Maswali ya kipolisi hakuyajua. Alijua moja tu, lile ambalo maisha yake yote hajawahi kumuuliza mteja. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akachukua mikono ya mtoto ndani ya ile mikono yake iliyopasuka.

"Mwanangu," akasema, "lile doa lilitoka wapi?"

Binti akavuta pumzi, akaanza tangu asubuhi ile alipolivaa gauni.